Leza ya macho kwa asiyeona mbali: namna ya kuamua kabla hujalipa

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nina minus nne, naweza kufanyiwa leza?" "Inauma?" "Ni kweli nitaachana na miwani maisha yangu yote?" Kazi yangu ni kupima macho. Sipasui, na sipati chochote ukikubali wala ukikataa. Nimeandika hatua hizi ili ufike kwa daktari ukijua cha kuuliza, na uamuzi utakaotoka uwe wako.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo: huu ni upasuaji wa hiari, tena kwenye jicho ambalo likivaa miwani linaona vizuri. Hakuna dharura. Ukisubiri mwaka mzima, jicho haliharibiki kwa sababu umesubiri. Kwa hiyo anayekuharakisha, awe ndugu, rafiki au kliniki yenye ofa inayoisha Ijumaa, asiwe ndiye anayekupangia tarehe.

Kwa kifupi, leza inafanya hivi. Jicho lisiloona mbali kwa kawaida limerefuka kidogo, hivyo picha inatua kabla ya kufika kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Leza inaichonga konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ili iwe bapa zaidi na picha isogee nyuma hadi mahali pake. Urefu wa jicho unabaki vilevile, na hilo lina maana kubwa, kama utakavyoona kwenye hatua ya 4.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Karatasi za vipimo vya miwani za miaka miwili iliyopita au zaidi. Kama zimepotea, rudi ulikotengenezea miwani uulize kumbukumbu zao. Hata miwani ya zamani inafaa, maana nguvu ya lenzi zake inapimika.
- Orodha ya dawa unazotumia. Usisahau za chunusi (hasa isotretinoini), za aleji na za homoni.
- Habari za ukoo: je, kuna mwenye presha ya macho, retina iliyobanduka, au aliyewahi kuambiwa konea yake imechongoka?
- Mtu wa kukurudisha nyumbani siku ya vipimo. Utawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hutaweza kuendesha gari wala pikipiki.
- Daftari. Namba utakazotajiwa ni nyingi, na utazihitaji hata miaka ishirini baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha namba yako imetulia

Kwenye karatasi ya vipimo tafuta safu ya Sph. Alama ya kutoa ikiwa mbele ya namba, huoni mbali. Safu ya Cyl inaonyesha astigmatizimu, yaani konea isiyopinda sawasawa pande zote, ambayo leza huweza kuirekebisha pia. Linganisha karatasi ya leo na ya mwaka jana. Namba isiwe imebadilika zaidi ya diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 0.5 ndani ya miezi 12. Umri wa chini ni miaka 18, lakini mwanafunzi wa chuo ambaye namba yake bado inapanda kila mwaka asubiri tu, hata kama ana miaka 22. Ukichonga konea leo na jicho likaendelea kurefuka, miwani itarudi.

Mambo mengine yanayoyumbisha namba ni ujauzito, kunyonyesha na sukari isiyodhibitiwa. Mama asubiri mpaka amwachishe mtoto ziwa, kisha ipite miezi kadhaa kabla ya kupimwa upya. Mwenye kisukari aanze na daktari wake wa kisukari.

*Kosa la kawaida:* kutumia kipimo kimoja tu, kilichofanywa wiki hii. Kipimo kimoja hakiwezi kukuambia kama namba imetulia.

Hatua ya 2: Andika kwa nini unataka

Andika kwa mkono, sentensi mbili au tatu. Kuna sababu ambazo leza inazijibu vizuri: unacheza mpira, unafanya kazi ya zimamoto, lenzi za kontakti (zile zinazobandikwa juu ya jicho) zinakuletea maambukizi, au bila miwani huoni hata sura ya mwanao kitandani. Sababu nyingine haizijibu. Kichwa kuuma, kwa mfano, kina vyanzo vingi, na watu wengi wenye maumivu hayo hawana shida ya kutoona mbali. Na kama sababu yako ni "nisivae miwani tena hadi nife", soma aya inayofuata mara mbili.

Kuanzia miaka 40 na kidogo, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na kusoma maandishi ya karibu huwa taabu. Humpata kila mtu, na leza ya konea haizuii. Sasa mfikirie fundi cherehani wa miaka 44 mwenye minus 2.5. Leo akitaka kutunga uzi sindanoni anavua miwani na kuona safi kabisa. Akifanyiwa leza na macho yote mawili yakarekebishwa yaone mbali, atamwona mteja akiwa ng'ambo ya barabara, ila uzi hatauona mpaka avae miwani ya kusomea. Amebadilisha miwani moja kwa nyingine, na pengine ile ya pili ndiyo itakayomsumbua zaidi, kwa sababu kazi yake yote iko karibu. Hali ni hiyohiyo kwa sonara, kwa mwalimu anayesahihisha madaftari na kwa msusi.

Njia ya kati ipo: jicho moja linarekebishwa lione mbali, la pili linaachwa na minus kidogo kwa ajili ya kusoma. Wapo wanaoizoea, wapo wanaoishia kuona kizunguzungu. Usikubali kabla ya kuijaribu kwa lenzi za kontakti kwa wiki kadhaa, ukiwa kazini kwako, si ndani ya kliniki.

Hatua ya 3: Vua kontakti mapema

Kontakti huibana konea na kuipa umbo lisilo lake. Ukipimwa ukiwa umetoka kuzivua, leza itapangwa kwa namba ya uongo. Lenzi laini: wiki 2 bila kuvaa kabla ya vipimo. Laini za astigmatizimu, au ngumu zinazopitisha hewa: wiki 3. Zile ngumu za zamani: wiki 4. Vaa miwani muda wote huo. Kituo kisichokuuliza kuhusu kontakti kabla ya kukupima kimeruka hatua ya msingi.

Hatua ya 4: Fanya vipimo vyote

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapopatikana. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Unahitaji:

- Kupimwa namba mara mbili, kabla na baada ya matone ya kupanua mboni.
- Ramani ya konea, ya mbele na ya nyuma.
- Unene wa konea, kwa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita).
- Ukubwa wa mboni gizani.
- Kipimo cha machozi.
- Presha ya macho.
- Uchunguzi wa retina hadi pembezoni.

Retina wengi hawaioni kuwa na uhusiano wowote na leza. Hapa ndipo urefu wa jicho unaporudi. Jicho refu lina retina iliyovutwa ikawa nyembamba, na hatari ya kubanduka haiondoki kwa kuchonga konea. Hata ukiona 6/6, yaani vizuri kama kawaida, baada ya leza, jicho lililokuwa minus 8 linabaki jicho la minus 8 kwa ndani. Kama kuna tundu au sehemu dhaifu, ishughulikiwe kwanza.

Ramani ya konea ndiyo ninayoisisitiza kuliko vyote. Inatafuta keratokonasi, ugonjwa ambao konea hudhoofika na kuchongoka kama pia. Mwanzoni hauna dalili za kueleweka. Mtu hujiona ana namba inayopanda na astigmatizimu tu, anabadilisha miwani, maisha yanaendelea. Konea hiyo ikichongwa kwa leza inadhoofika zaidi, na uoni unaweza kuharibika kiasi ambacho miwani haiwezi kuurudisha. Huku kwetu hili tulichukulie kwa uzito wa pekee, kwa sababu watoto wengi hukua na aleji ya macho ile ya kuwasha, na kufikicha macho kwa nguvu kila siku kunahusishwa sana na keratokonasi. Kama wewe ni mfikichaji, mwambie daktari bila kuona haya. Na acha leo, ufanyiwe leza au usifanyiwe.

Vipimo vya kawaida vya macho unaweza kuvianzia hospitali kubwa iliyo karibu yenye kitengo cha macho, kama CCBRT au Muhimbili kwa wa Dar es Salaam, KCMC kwa wa Moshi, Kikuyu kwa walio jirani na Nairobi. Ukipimwa kwanza kabla ya kwenda kwa anayeuza leza, unapata maoni mengine ya kulinganisha.

*Kosa la kawaida:* kupimwa asubuhi na kufanyiwa upasuaji mchana huohuo. Achanisha siku hizo mbili.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya unene mwenyewe

Konea ya kawaida ina unene wa takriban maikroni 540 katikati, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Kila diopta inayorekebishwa huondoa takriban maikroni 12 hadi 16, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Kwa njia ya LASIK (nimeieleza kwenye hatua ya 6), ambayo konea hukatwa kifuniko kwanza, ongeza kifuniko hicho cha takriban maikroni 110. Kinachobaki chini kisipungue maikroni 250, na madaktari wengi hutaka 300. Tena, jumla ya kilichoguswa isifike asilimia 40 ya konea yote.

Chukua mtu mwenye minus 6 na konea ya 540, kwa makadirio ya maikroni 15 kwa kila diopta. Kuchonga ni 90, kifuniko 110, jumla 200. Inabaki 340, na kilichoguswa ni kama asilimia 37. Anapita, ingawa si kwa nafasi kubwa. Mwingine ana minus 8 na konea ya 490. Kuchonga 120, kifuniko 110, jumla 230. Inabaki 260, na kilichoguswa ni asilimia 47. Huyu akiambiwa "hakuna shida, njoo Jumatatu", aondoke.

Hesabu hii haichukui nafasi ya daktari. Faida yake ni kwamba ukimwuliza, "Baada ya kuchonga, zitabaki maikroni ngapi?", utalielewa jibu.

Hatua ya 6: Jua njia zilizopo

*LASIK.* Kifuniko chembamba kinakatwa na kufunuliwa, leza inachonga chini yake, kisha kinarudishwa. Kesho yake wengi wanaona vizuri. Udhaifu wake ni kwamba kifuniko kinaweza kusogea kikipata kishindo, na macho makavu ni malalamiko ya kawaida.

*PRK.* Hakuna kifuniko. Ngozi laini ya juu ya konea inaondolewa, leza inachonga, na lenzi ya kufunika kidonda inakaa siku kadhaa mpaka ngozi iote. Siku tatu za mwanzo zinauma kwelikweli, na uoni hutulia baada ya wiki kadhaa. Bondia, askari au mwenye konea nyembamba kiasi mara nyingi huelekezwa huku. Miwani ya jua ni lazima kwa miezi kadhaa, maana mionzi ya jua huchangia ukungu kwenye konea inayopona.

*SMILE.* Leza inatengeneza kipande chembamba ndani ya konea, na kipande hicho kinatolewa kupitia mkato mdogo. Hakuna kifuniko kikubwa. Si kila kituo kina mashine hiyo.

Kama namba yako ni kubwa mno kwa konea yako, uliza kuhusu lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho. Konea haichongwi na lenzi yako ya asili inaachwa. Ni upasuaji wa ndani ya jicho, nao una hatari zake.

Kuhusu maumivu, kwa njia zote tatu unawekewa matone ya ganzi na hulazwi usingizi. Leza yenyewe kwa kila jicho kwa kawaida haimalizi dakika moja. Utahisi mgandamizo, na kwa LASIK na SMILE uoni hufifia kwa sekunde chache. Kope zinashikiliwa na kifaa, kwa hiyo hofu ya kupepesa iondoe.

Hatua ya 7: Yasikie madhara kabla hujasikia sifa

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa PROWL, ulioongozwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA. Zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa LASIK waliridhika na uoni wao. Katika utafiti huohuo, kati ya wale ambao kabla hawakuwa na dalili kama duara za mwanga kuzunguka taa, mng'ao au kuona viwiliviwili, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau dalili moja baada ya miezi mitatu. Na hadi asilimia 30 ya wasiokuwa na macho makavu waliyapata. Waliopata shida kubwa ya kufanya shughuli zao kwa sababu ya dalili za kuona walikuwa chini ya asilimia 1.

Zisome namba hizo zote pamoja. Wengi wanafurahi, na wengi kati ya hao wanaofurahi wana kasoro ndogo wanayoishi nayo. Dereva wa lori anayesafiri usiku njia ya Morogoro azitazame tofauti na karani wa benki. Mtu anayeamka kila siku na macho makavu yanayochoma atibiwe ukavu kwanza, na kama hautibiki, abaki na miwani yake.

Hatua ya 8: Uliza bei nzima, kwa maandishi

Bei ya tangazo mara nyingi ni ya jicho moja, au ya leza peke yake. Taka karatasi inayoonyesha vipimo, upasuaji, dawa za matone, ziara za baadaye, na kama namba ikibaki kidogo, marudio ni bure au yanalipiwa. Ongeza mwenyewe nauli, malazi na siku utakazokosa kazini. Bima nyingi huihesabu leza kuwa ya hiari na hazilipii. Ulizia yako mapema.

Ukifikiria kwenda India, kama wengi wa Afrika Mashariki wanavyokwenda kwa matibabu mengine, swali kubwa ni nani atakutazama ukisharudi. Kuna kuonwa siku ya kwanza, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu. Tafuta daktari wa macho wa hapa nyumbani akubali kukufuatilia kabla hujakata tiketi, na usirudi kabla ya ziara ya wiki ya kwanza.

Hatua ya 9: Amua, halafu panga

Kaa na majibu angalau wiki moja. Ukibaki na shaka, shaka hiyo ni jibu tosha kwa mwaka huu.

Ukiamua ndiyo, panga mambo haya. Acha wanja na vipodozi vya macho kabla ya siku yenyewe na kwa wiki mbili baadaye. Usiogelee, iwe baharini au bwawani, kwa muda utakaoambiwa, kwa kawaida wiki mbili au zaidi. Maji yasiingie machoni siku za mwanzo. Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, hili si dogo, basi zungumza na daktari na shekhe wako kabla. Kwenye bodaboda vaa miwani ya kinga dhidi ya vumbi. Kulala, vaa kinga ya macho utakayopewa, maana usingizini mkono unafikicha wenyewe.

Taka nakala ya vipimo vyote vya kabla ya leza, uihifadhi pamoja na vyeti vyako. Ukizeeka na kupata mtoto wa jicho, daktari atazihitaji namba hizo kuchagua lenzi ya kuweka. Na kila utakapopimwa presha ya macho, sema kwamba ulifanyiwa leza. Konea iliyochongwa huonyesha presha ya chini kuliko ilivyo, na glakoma, ugonjwa wa presha ya macho unaoharibu mshipa wa kuona, inaweza kupita bila kuonekana.

Ukikwama

*Kituo kimoja kimekubali, kingine kimekataa.* Omba ramani za konea kutoka vyote viwili, upeleke kwa daktari bingwa wa tatu anayeshughulika na konea. Mpaka hapo, fuata aliyekataa.

*Nimeambiwa nina keratokonasi.* Leza ya kuondoa miwani isahau. Uliza kuhusu matibabu ya kukaza konea kwa vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, ambayo kwa wengi husimamisha ugonjwa usiendelee. Hilo usilicheleweshe.

*Nina kovu la keloidi mwilini.* Mwambie daktari. Konea haiponi kama ngozi, na keloidi peke yake si lazima ikuzuie.

*Teknolojia hii bado ni ya majaribio?* Hapana. Jicho la kwanza linaloona lilifanyiwa PRK mwaka 1988, na FDA iliidhinisha leza hiyo mwaka 1995.

*Nimeshafanyiwa, naona duara kwenye taa usiku.* Kwa wengi hupungua ndani ya miezi mitatu hadi sita. Tumia matone ya machozi kama ulivyoelekezwa, na punguza kuendesha usiku. Yasipopungua, rudi upimwe kama kuna namba iliyobaki.

*Jicho linauma sana, ni jekundu, au uoni unashuka badala ya kupanda.* Rudi siku hiyohiyo. Ukiona miale ya mwanga, vitone vyeusi vingi vya ghafla au kitu kama pazia linaloshuka, nenda hospitali siku hiyohiyo pia, hata kama imepita miaka tangu upasuaji.

*Mwanangu ana miaka 13 na minus 5, je, afanyiwe?* Bado. Jicho lake linakua. Mpe miwani sahihi, acheze nje mchana kila siku, umuulize daktari kuhusu matone ya atropini ya kiwango kidogo yanayopunguza kasi ya namba kupanda, na apimwe kila baada ya miezi sita.